Otto Lilienthal, Mtu Aliyevaa Mabawa

Wazee wa Korogwe wakiwataja Wadachi, hutaja reli, mkonge na kiboko. Hayo ni kweli yote. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 ikafika Korogwe mwaka 1902, na wengi wa wale walioibeba mabegani hawakuulizwa kama wanataka. Lakini katika miaka ileile reli ilipokuwa ikikata msitu, huko kwao Ujerumani alikuwako Mdachi mwingine, fundi wa mitambo, ambaye kila Jumapili alipanda kilima akiwa amevaa mabawa mawili makubwa, akashuka mbio kuuelekea upepo, miguu yake ikaachana na ardhi. Jina lake ni Otto Lilienthal. Wale wanaorusha ndege leo humhesabu kuwa baba yao.

Naandika habari zake kwa sababu ya swali ambalo watoto wa shule hawaachi kuuliza. Nimelisikia Handeni, nimelisikia Korogwe, na nilipokuwa chuo cha ualimu sisi wenyewe watu wazima tulilibishania: je, mtu akijifunga mabawa aweza kupaa kama ndege? Walimu wengi hujibu upesi kwamba haiwezekani, na mambo huishia hapo. Jibu hilo ni nusu tu ya kweli.

Otto alizaliwa tarehe 23 Mei 1848 katika mji mdogo wa Anklam, kaskazini mwa Ujerumani, si mbali na Bahari ya Baltiki. Alibatizwa katika kanisa la Mtakatifu Nikolao la mji huo. Wazazi wake walizaa watoto 8, wakabaki hai 3 tu: Otto, mdogo wake Gustav, na dada yao Marie. Baba yao alikuwa mfanya biashara ya nguo, na alikuwa amekusudia kuihamishia jamaa yake Marekani, lakini mwaka 1861 akafariki. Mama akabaki na watoto watatu wa kuwalea peke yake. Alikuwa mwanamke mwenye elimu ya muziki, na hakuwazuia vijana wake kushughulika na mambo waliyoyapenda, hata yalipoonekana ya kipuuzi.

Walilolipenda lilikuwa korongo. Huko Anklam korongo weupe hujenga matundu yao juu ya mapaa ya nyumba na minara ya makanisa, na watu huwaheshimu. Vijana wale wawili walikuwa wakinyemelea mashambani kuwatazama wakiruka. Waliona kwamba korongo akishtuliwa hukimbia kwanza kuelekea kwa mtu anayemtisha, kama upepo unatoka upande huo, ndipo huinuka. Kwa nini amkimbilie adui? Kwa sababu anautaka upepo umpige usoni. Jambo hili dogo, waliloliona wakiwa watoto, lilikuwa msingi wa kila kitu alichofanya Otto baadaye.

Na hapa sina budi kueleza kwamba korongo wale si wageni kwetu. Majira ya baridi yakikaribia Ulaya, huondoka na kuja Afrika. Wengi hupita njia ya mashariki, wakashuka mpaka nchi zetu, na wengine huendelea hata Afrika ya Kusini. Hufuata nzige na viwavijeshi, kwa hiyo mkulima huwaona kama rafiki. Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hao huenda wapi; wengine walidhani hujificha chini ya maji. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz, alipatikana korongo mwenye mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni mwake, naye amerudi nao mpaka kwao. Korongo huyo amehifadhiwa hata leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwindaji mmoja wa Afrika, asiyejulikana jina, aliwafundisha wataalamu wa Ulaya kwa mkuki wake.

Jambo la ajabu ni kwamba ndege huyu mzito hufanya safari yote hiyo bila kupiga sana mabawa. Hungoja jua lichome ardhi, hewa ya moto ianze kupanda, kisha huingia ndani yake, akatandaza mabawa na kuzunguka akipanda, hata akawa kama tone jeusi mbinguni. Halafu huteleza kwenda mbele mpaka apate hewa nyingine ipandayo. Mtu akisimama pale Irente juu ya Mombo, akiwatazama mwewe ukingoni mwa milima ya Usambara, ataona mchezo wa namna hiyohiyo: upepo unaugonga ukuta wa mlima, unapanda, nao wamejilaza juu yake.

Otto na Gustav walipokuwa na umri wa miaka 13 au 14 hivi walijitengenezea mabawa ya mbao nyembamba, kila moja lenye urefu wa mita 2. Wakayafunga mikononi, wakashuka mbio kilimani wakiyapiga. Walifanya hivyo usiku, ili wenzao wa shule wasiwacheke. Hawakuinuka hata kidogo.

Hadithi za watu warukao zilikuwako tangu zamani. Wayunani walisimulia habari za Ikaro, aliyelikaribia jua mno hata nta ya mabawa yake ikayeyuka. Jirani zetu Waganda husimulia habari za Kibuuka wa visiwa vya Ssese, aliyejificha mawinguni juu ya vita na kuwapiga adui za Kabaka kutoka juu, mpaka siri yake ilipotoboka wakamlenga kwa mishale. Katika hadithi hizo zote mrukaji huanguka. Naona wazee waliozitunga walijua jambo fulani. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyepima kitu chochote, na hapo ndipo Otto alipotengana nao.

Alikwenda kusoma ufundi Potsdam, kisha Berlin. Mwaka 1870 alimaliza chuo, akaitwa vitani dhidi ya Ufaransa, akarudi salama. Mwaka 1878 alimwoa Agnes Fischer, binti wa mchimba madini, ambaye muziki ndio uliowakutanisha. Wakapata watoto 4. Otto akabuni tanuru la mvuke lenye mabomba yaliyojipindapinda kama nyoka, ambalo halikuwa na hatari kubwa ya kupasuka kama matanuru ya siku zile, akafungua kiwanda chake mwenyewe. Katika mwaka 1890 aliamua kwamba robo ya faida ya kiwanda igawanywe kwa wafanyakazi. Sijui ni matajiri wangapi wa mkonge wa hapa kwetu waliowahi kufanya hivyo. Pia aliunga mkono jumba la michezo ya kuigiza mjini Berlin ambamo maskini waliweza kuingia kwa fedha kidogo sana, na mwenyewe akaandika mchezo. Kwa hiyo asidhaniwe kuwa mtu wa wazo moja, aliyerukwa na akili.

Tena hakukimbilia kuruka. Kwa muda wa miaka mingi alikuwa akipima tu. Alitengeneza mti wenye mkono mrefu unaozunguka, akafunga mbao za maumbo mbalimbali kwenye ncha yake, akapima kila moja inainuliwa na hewa kwa nguvu kiasi gani. Akaona kwamba ubao ulionyooka ni mtumishi mbaya. Bawa la ndege halikunyooka. Limepinda kidogo, mgongo juu, na ule upindo mdogo ndio huongeza nguvu ya kuinua. Mwanafunzi aweza kuona mfano wake kwa ukanda wa karatasi: aushike ncha moja chini ya mdomo, ukanda uning'inie umepinda, apulize juu yake. Karatasi huinuka. Mwaka 1889 Otto alichapisha kitabu kuhusu kuruka kwa ndege kuwa msingi wa ufundi wa kuruka, akakilipia kwa fedha yake mwenyewe. Wanunuzi walikuwa wachache. Kitabu hicho hicho leo huhesabiwa miongoni mwa vitabu vikuu vya elimu ya anga.

Alikuwa na umri wa miaka 43 alipoanza kuruka mwenyewe, mwaka 1891. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kujirusha kutoka juu ya mwembe akiwa ameshika makuti mawili, akavunjika mkono. Alikuwa ameanzia mwisho. Otto alianzia bustanini kwake, juu ya ubao wa kurukia usiofika kimo cha kiuno cha mtu, akarukia chini kwenye majani akiwa amevaa mabawa. Alipozoea, akauinua ubao kidogo. Mpaka mita 2. Ndipo akatoka kwenda kwenye vilima vya Derwitz, nje ya Berlin, akaelea umbali wa mita 25.

Mabawa yenyewe yalitengenezwa kwa fito za mwerebi, mti ule wa kandokando ya vijito unaotajwa katika Biblia zetu, yakawambwa kwa kitambaa cha pamba. Yale aliyoyatumia zaidi yalikuwa na upana wa mita 6.7 kutoka ncha hata ncha, na uzito wa kilo 20. Yalikunjwa kama bawa la popo, yakabebeka. Otto aliingiza mikono yake katikati, akajishika kwa viwiko, mwili na miguu ikining'inia chini. Hapakuwa na usukani. Akitaka kwenda kushoto, alitupa miguu kushoto. Mbele ikiinuka mno, alitupa miguu mbele ili uzito uishushe. Basi uhai wake ulitegemea wepesi wa miguu yake.

Mwaka 1893 alifika kwenye vilima vya Rhinow, akaelea mita 250. Mwaka uliofuata akajijengea kilima chake mwenyewe huko Lichterfelde, chenye kimo cha mita 15, kwa taka za udongo za kiwanda cha matofali. Kwa nini ajenge kilima? Kwa sababu kilima kilicho cha mviringo humruhusu mtu kuukabili upepo kutoka upande wowote utokako. Yule korongo wa Anklam tena. Watu wa Berlin walikuja kumtazama, na wapiga picha walimpiga picha akiwa hewani. Picha hizo zikaenda duniani kote katika magazeti. Kwa mara ya kwanza mtu yeyote, hata asiyeamini, aliweza kuona binadamu akiwa juu ya vichwa vya wenzake, amevaa mabawa. Alitengeneza mabawa ya kuuza pia, kwa bei ya Mark 500, yakanunuliwa hata na watu wa Urusi, Uingereza na Marekani. Kwa jumla aliruka mara 2,000 hivi.

Hata hivyo katika jambo moja hakufaulu, nami nafikiri hapa alishikilia wazo lisilofaa. Aliamini mpaka mwisho kwamba siku moja ataweza kupiga mabawa, na alitengeneza chombo chenye mtambo mdogo wa kuyapiga. Hakikumpeleka popote. Kila aliyekula njiwa anajua jinsi kidari chake kilivyojaa nyama. Nyama yote hiyo ni ya kupigia mabawa. Mtu kifua chake hakina nyama ya kazi hiyo, na mwili wake ni mzito mno. Mwaka 1979 kijana wa Kimarekani, Bryan Allen, alivuka bahari kati ya Uingereza na Ufaransa katika ndege nyepesi sana kwa nguvu zake mwenyewe, lakini alizungusha rafadha kwa miguu, kama mpanda baiskeli. Mikono isingeweza. Basi nusu ya jibu la swali letu ni hii: kupiga mabawa, hapana, kuelea kwa mabawa yaliyotandazwa, ndiyo, mradi mtu aanzie juu na upepo uwe usoni.

Tukumbuke kwamba Otto alikuwa na mke, watoto wanne, na wafanyakazi waliomtegemea. Mwaka 1894 alianguka vibaya, akaokolewa na pete ya fito za mwerebi aliyokuwa ameiweka mbele ya chombo ili ipokee pigo. Baada ya hapo aliendelea. Wengine watasema alikuwa mjinga au mwenye kiburi. Mimi sioni hivyo. Mtu mwenye kiburi hapimi miaka 20 kabla ya kujaribu. Lakini wala siwezi kusema kwamba Agnes alitendewa haki, maana kila Jumapili alikuwa na sababu ya kutazama njia. Ndugu zetu waendao baharini au migodini wana wake wanaojua hali hiyo. Msomaji na apime mwenyewe.

Wengine pia watauliza mbona Jumapili. Siku sita alikuwa kiwandani.

Tarehe 9 Agosti 1896, siku ya Jumapili, alikuwa kwenye kilima cha Gollenberg karibu na kijiji cha Stölln, pamoja na fundi wake Paul Beylich. Siku ilikuwa nzuri, jua linawaka. Akaruka salama, akapanda tena. Katika kuruka kwa mwisho, hewa ya moto iliyopanda kutoka ardhini ilimpiga ghafula. Mabawa yakainua pua, chombo kikasimama hewani. Otto akatupa miguu mbele, kama alivyokuwa akifanya siku zote, lakini haikutosha. Pua ikageuka chini, akaanguka kutoka kimo cha mita 15 hivi. Ile hewa ipandayo, inayomwinua korongo na kumleta mpaka kwetu, ndiyo iliyomwangusha mtu aliyemsoma korongo kuliko wote. Korongo huwa na mkia na manyoya elfu ya kujirekebisha nayo kufumba na kufumbua. Otto alikuwa na miguu miwili.

Hakufa papo hapo. Alichukuliwa kwa gari la farasi mpaka kijijini, akiwa anaweza kusema, na inasimuliwa kwamba alidhani atapumzika kidogo kisha aendelee. Lakini mfupa wa shingo ulikuwa umevunjika, na miguu haikusikia kitu. Kesho yake akapelekwa Berlin kwa garimoshi, akafa siku hiyohiyo, tarehe 10 Agosti, katika hospitali ya daktari mkuu wa upasuaji Ernst von Bergmann. Alikuwa na miaka 48. Akazikwa Lankwitz. Mwezi huo wa Agosti ndio korongo wa kaskazini wanapokusanyika kwa safari ya Afrika.

Mwingereza Percy Pilcher, aliyejifunza kwake na kununua mabawa yake, naye alianguka akafa mwaka 1899. Wengi waliona mambo yameishia hapo. Lakini huko Ohio, Marekani, walikuwako vijana wawili mafundi wa baiskeli, Wilbur na Orville Wright, watoto wa askofu wa kanisa la Ndugu katika Kristo. Habari za kifo cha Otto ndizo zilizomwasha Wilbur. Walichukua hesabu zake, wakazipima upya, wakasahihisha palipohitaji, nao wakaona wazi kosa lililomwua: mtu asitegemee kutupa miguu, bawa lenyewe ligeuzwe. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao yenye injini iliruka kwa sekunde 12. Walipopata fedha hawakumsahau, wakampelekea Agnes, mjane, dola 1,000.

Mabawa ya kuvaa nayo hayakwisha. Watu wengi siku hizi hujining'iniza chini ya mabawa ya kitambaa na kuruka kutoka milimani, kazi ileile ya Otto kwa vifaa bora. Wako pia wanaovaa nguo iliyoshonwa vitambaa kati ya mikono na miguu, kama popo. Mrusi mmoja, Valery Rozov, alijirusha hivyo kutoka mlima wetu wa Kilimanjaro mwaka 2015. Nguo hiyo humpeleka mtu mbele kwa kasi kubwa, ila haiwezi kumshusha salama. Lazima afungue mwavuli kabla ya kufika chini. Rozov alikufa katika kuruka namna hiyo huko Nepal mwaka 2017. Na mnamo mwaka 2016 wataalamu wa anga wa Ujerumani walitengeneza mabawa mfano wa yale ya Otto, wakayapima katika handaki la upepo, wakayaona kuwa yametulia vizuri hewani. Hesabu za mzee hazikuwa mbaya.

Huko Stölln, mwezi Oktoba 1989, ndege kubwa ya abiria ya Kirusi ilishushwa juu ya uwanja wa majani, mahali ambapo watu walidhani haiwezi kutua, ikaachwa papo hapo kuwa ukumbusho. Wameiita Lady Agnes, kwa jina la mkewe. Watu hufungia ndoa ndani yake.

Imebaki habari ya Gustav, yule mdogo wake aliyekimbia naye usiku kilimani. Yeye aliishi miaka mingi baada ya Otto, akaona ndege za injini zikijaa angani. Lakini wazo la utotoni halikumtoka. Akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80 alikuwa bado anatengeneza chombo kikubwa cha kupiga mabawa katika uwanja wa ndege wa Berlin. Alifariki mwezi Februari 1933, na chombo chake kilikuwa hakijaruka.